Baba Alibonyeza, Mimi Nikasema Hakubonyeza

Kosa ni langu, lakini anayelibeba ni baba yangu. Nimechoka kulificha, ndiyo maana nawaandikia nyinyi msionijua.

Baba anaishi peke yake kijijini Kivaa tangu tumzike mama. Mimi niko Mumbuni, kaka yangu Kioko yuko Nairobi. Kwa vile nilipewa jina la mama yake, baba huniita mwaitu, yaani mama yangu. Mzee wa miaka themanini ananiita mama, na tazama nilichomfanyia.

Zamani akihitaji kitu alikuwa anamwita jirani, Mama Mwikali, kwa sauti juu ya ua wa minyaa. Mimi nikaona aibu. Nikamnunulia kisanduku cha kisasa chenye skrini na laini ya simu, pamoja na kitufe cha kuvaa shingoni. Akibonyeza, kisanduku kinatupigia simu mimi na Kioko, taa ya kijani inawaka, na sauti inamwambia, "Msaada unakuja."

"Baba, wachana na kupigia watu kelele," nilimwambia. "Bonyeza tu, halafu ungoje."

Akakubali. Akauliza tu kama hiyo kitu inaweza kushika misa na nyimbo za Kikamba. Kwenye kikundi chetu cha akina mama wa kanisa mtu alikuwa ametuma programu ya redio ya bure. Sikuuliza imetoka wapi. Nikaiweka, na baba akafurahi sana.

Miezi michache baadaye fundi aliyeniuzia alinipigia. Mfumo wa visanduku vile umepatikana na tundu, akasema, na kuna sasisho la kuliziba.

"Ni hivi, madam. Si boma moja huwa na Mutua babu na Mutua mjukuu? Ukiita Mutua, anaweza kuitika yule hukuita. Hiyo mashine inaita huduma ya msaada, ile programu ya kuwapigia nyinyi simu, kwa jina tu, haiangalii ni nani ameitika. Programu mbaya inaweza kujipea hilo jina na ichukue kazi."

Nilicheka. Nikamuuliza kama sasisho litaondoa redio. Akasema litaondoa kila kitu kilichoongezwa. Nikawaza baba akae bila nyimbo zake mpaka nipate nafasi ya kwenda kumrudishia, nikaamua kungoja kidogo. Ile kidogo ikawa miezi miwili.

Jumanne moja, saa nne asubuhi, baba aliteleza kwenye ngazi ya nje ya jikoni na kuvunjika nyonga. Akabonyeza. Taa ikawaka kijani. "Msaada unakuja." Simu yangu haikulia, wala ya Kioko.

Mama Mwikali alikuwa hapo hapo ng'ambo ya ua akichuma ndengu. Angemwita mara moja tu angesikia! Hakumwita, kwa sababu mimi nilimkataza, na kwa sababu mashine ilimwambia tunakuja. Alilala juani mpaka saa tisa, jirani huyo alipopita kumletea mboga.

Fundi alikikagua kisanduku, akanionyesha. Ile redio ilikuwa imejiandikisha kwa jina la huduma ya msaada. Kila baba alipobonyeza, redio ndiyo iliyoitika kwamba imepokea, na ombi likaishia hapo. Alikuwa amebonyeza mara kumi na moja.

Hospitalini Kioko alikuja amekasirika. "Kwani hiyo mashine ilikuwa na shida gani?"

Ningesema. Maneno yalikuwa mdomoni. Badala yake nikasema, "Mashine iko sawa. Mzee hakubonyeza vizuri."

Baba alikuwa macho. Alinitazama, kisha akatazama vidole vyake. Kama ningekuwa na ubinadamu ningesema ukweli pale pale.

Sasa anatembea akiegemea fremu ya chuma. Nikienda kumwona ananionyesha jinsi anavyobonyeza, kwa vidole gumba viwili, kwa nguvu, mpaka vinatetemeka. "Hivi ni sawa, mwaitu?" Namwambia ni sawa. Halafu naenda chooni kulia.

Juzi watu wa jumuiya ya kanisa walikuja kumwombea. Walipomaliza aliomba nafasi aseme neno. "Nataka kuomba msamaha kwa huyu msichana wangu. Alininunulia kitu mzuri, na mimi nikashindwa kuitumia. Nimemsumbua sana." Watu wakampigia makofi. Mimi nilikuwa nimeshika sinia ya chai, nikajibu, "Usijali, Baba."

Wewe uliyemwachia mzazi kifaa cha namna hii, ukiambiwa ukisasishe, kisasishe siku hiyo hiyo. Usiweke programu usiyojua imetoka wapi, na usimkataze mzee kuita jirani. Na ukikosa, sema mapema, kabla uliyemuumiza hajakuomba wewe msamaha. Mimi nilichelewa, na bado sijajua nitaanzaje kumwambia.