Jogoo Ana Mafua

"Siku nitakayofunga mdomo, na ule mchezo ufungwe kama duka la marehemu!" Maneno hayo Koo aliyasema redioni, mchana kweupe, mji mzima ukisikiliza. Wala hakuulizwa habari hiyo. Mtangazaji alikuwa amemuuliza kama anapenda watoto.

Enzi hizo alikuwa na haki ya kuvimba kichwa. Hakukuwa na mtoto asiyejua nyimbo za ule mchezo, Jogoo Hachinjwi. Mwashi ananunua jogoo ili familia ile nyama, kisu kinafika shingoni, jogoo anaanza kuimba, na kuanzia hapo hakuna anayekula kitu. Ukumbi ulikuwa unalia. Akina baba ndio walilia zaidi, na huenda walikuwa wanakililia kitoweo.

Koo ndiye aliyekuwa jogoo. Nusu ya jogoo, tuseme ukweli. Kile kichwa cha waya na sponji kilikuwa kizito kama gunia la viazi, na aliyekivaa hakuweza hata kupiga chafya, sembuse kuimba. Kwa hiyo mcheza densi alikivaa na kuvuta kamba ya mdomo, na Koo akasimama nyuma ya pazia, kipaza sauti mkononi, jicho kwenye tundu, akiimba kila mdomo ulipofunguka. Mji ukaijua sauti yake bila kuijua sura. Alikuwa anapanda basi, watoto wa kiti cha nyuma wanaimba wimbo wake, naye anatazama dirishani akitabasamu peke yake kama aliyeokota kitu.

Kisha mchezo ukafa, ukumbi ukakodishwa kuwa ghala la vigae, na Koo akahamishia koo lake sokoni, kunadi mitumba kwa spika ya mkononi. Miaka na miaka ya kupigia kelele suruali za watu asiowajua. Lile koo likaisha polepole kama soli ya kiatu, na mwenyewe hakuona, kwa sababu mwenye sauti huisikia ile anayoikumbuka.

Basi habari zilipokuja kwamba vigae vimeondolewa ukumbini na mchezo unarudishwa jukwaani, aliitoa ile spika bure kwa muuza mashati wa jirani, akaagana na soko zima kwa kupeana mikono, utadhani anakwenda ng'ambo.

"Baba," akasema binti yake, fundi wa nywele, aliyekuwa akiishi naye tangu mama yake afariki, "ungeishika kwanza hiyo spika. Sauti yako siku hizi inafukuza wezi."

"Wewe suka watu. Mambo ya sanaa niachie."

Mwongozaji wa sasa alikuwa mtoto wa mwongozaji wa zamani, kijana mwenye adabu, na adabu ndiyo iliyomponza. Alimsikiliza Koo kwenye mazoezi, akajikuna shingo, akatazama dari, dari nayo haikumsaidia.

"Mzee wangu," alisema, "nikikuondoa mimi, baba atafufuka anichape. Tuwaachie watazamaji. Wakitoka siku ya kwanza bila kulalamikia jogoo, unabaki mpaka msimu uishe. Wakilalamika, utanielewa."

"Hawatalalamika."

"Mungu atusaidie."

Ukumbi ule una desturi yake. Onyesho la kwanza linapoisha, mwongozaji husimama chini ya ngazi na kuwauliza watu maoni wakiwa bado na joto la viti mwilini. Kilichosemwa pale ngazini ndicho kinachofuatwa. Nyimbo zimewahi kukatwa pale, na mfalme mmoja aliwahi kunyang'anywa ndevu.

Siku ikafika. Koo aliimba. Ule wimbo wa kisu una sehemu inayopanda juu kabisa, na kwenye tundu alimwona binti mcheza densi, aliyevaa kichwa, akivuta kamba, mdomo wa jogoo ukaachama wazi, na sauti haikufika. Ilikwama katikati, ikashuka kwa magoti. Watoto wakacheka. Koo akajua wamefurahi.

Mtu mwenye akili angebaki nyuma ya pazia akanywa maji. Koo aliteremka kwenda kusimama pale ngazini, katikati ya watu, kwa kuwa hakuna aliyemjua.

"Taa! Mmeziona zile taa?" alisema mmoja.

"Mke wa mwashi kaniliza, nimeharibu leso."

"Viti vyenu vinauma, jamani, leteni mito."

"Mngemchinja tu," alisema baba mmoja aliyebeba mtoto begani, "tungefika nyumbani mapema."

Mwongozaji alikuwa akitikisa kichwa, anacheka, anashukuru. Watu wakaendelea kupita, na hakuna aliyetaja sauti ya jogoo, si kwa wema wala kwa ubaya. Koo alikuwa ameshinda. Kilichobaki kilikuwa kufunga mdomo na kwenda nyumbani. Lakini aliyezoea kusifiwa akiwa nyuma ya pazia ana njaa yake, na kimya kile kilimchoma kuliko tusi.

"Na sauti ya jogoo mnaionaje?" akauliza, kwa nguvu, mwongozaji akiwa hatua chache tu pembeni.

Mama mmoja akageuka. "Ile kanda?"

"Kanda gani?"

"Si walikuwa wanapiga kanda ya zamani? Imechakaa, inakwaruza."

"Kumbe kanda! Mimi nilijua spika imepasuka," alisema mwingine.

"Jogoo ana mafua!" akapiga kelele mtoto wa begani, na ngazi nzima ikaangua kicheko. Mwongozaji akaacha kutikisa kichwa.

Hapo akajitokeza bibi mmoja wa miwani minene, amekasirika kweli. "Mimi yule wa mwanzo nilimsikia, nikiwa na mimba ya kifungua mimba wangu. Yule aliimba! Huyu wa leo anamwigiza, tena vibaya. Wasimchafulie marehemu jina lake."

"Nani kakwambia amekufa?" Koo akauliza.

"Kaka yangu, angekuwa hai angekubali haya?"

"Ni mimi."

Bibi akamtazama kuanzia viatu mpaka upara. "Haya. Na mimi ndiye kuku wake."

Watu wakacheka tena. Koo akafumba macho, akaimba mstari wa kwanza wa wimbo wa kisu, palepale, bila kipaza sauti, na kila mtu akanyamaza. Alipomaliza, yule bibi alimshika mkono kwa huruma.

"Umejitahidi, kaka. Lakini hata yule wa kanda amekushinda."

Mwongozaji alisubiri mpaka ngazi ikawa tupu. "Mzee wangu, kwa nini uliwauliza?"

Kijana hakusubiri jibu. Alisema taratibu kwamba kesho kutakuwa na mwimbaji mwingine, akamkumbatia, akaondoka haraka, kama mtu aliyesahau sufuria jikoni.

Binti yake alikuwa ameona onyesho lote kutoka safu ya pili. Walitembea mpaka karibu na nyumbani.

"Na wewe umeonaje?" Koo akamuuliza.

Fundi wa nywele, ambaye hajawahi kukosa neno, alitafuta funguo mkobani kwa muda mrefu.

"Taa zilikuwa nzuri, baba," alisema.

Kesho yake Koo alioga, akavaa shati lile lile, akaenda. Miguu ilimpeleka kwenye mlango wa nyuma. Mlinzi mpya, mtu wa heshima zake, alimzuia kwa mkono mmoja: "Babu, huku ni wasanii. Watazamaji ni mbele." Ndani walikuwa wanapasha sauti moto, na mmoja wao alipanda mpaka juu kabisa bila taabu.

Akazunguka mbele, akapanga foleni nyuma ya familia zilizokuwa zikibishana nani akae karibu na nani. Alipofika dirishani akauliza bei.

Tiketi ya mkubwa ni elfu sita.