Matundu ya Misumari Jikoni kwa Kalekye

Ukitaka kumjua Kalekye, anza na mkono wake. Alianguka kutoka kwenye mparachichi, akapelekwa Machakos mjini, akapigwa picha ya eksirei. Sisi wengine tungemshukuru Mungu, tukafungwa plasta na kurudi nyumbani. Yeye aliomba apewe picha ile, akaja nayo hadi huku kwetu nje ya Mitaboni, akaitundika kwenye dirisha la sebuleni. Ukienda kumjulia hali unaonyeshwa mifupa kwanza, chai baadaye. Mimi Kavata, jirani yake, nilimwambia aitoe maana nilikuwa nimeanza kuiota usiku. Akaniuliza kama nimewahi kujiuliza kwa nini mifupa inaonekana na nyama haionekani. Sikuwa nimejiuliza. Nilikuwa nimekuja kuazima chumvi.

Jiko lake liliezekwa kwa mabati ya zamani yaliyotolewa kwenye jengo lililobomolewa, na kila palipokuwa na msumari palibaki tundu. Mchana jua lilipenya humo na kuangusha viduara vya mwanga sakafuni. Kila mama mwenye mabati makuukuu ameviona maisha yake yote, akaendelea kusonga ugali. Kalekye aliona jambo jingine. Matundu yenyewe hayakuwa mviringo. Mengine yalikuwa yamechanwa na kutu, mengine yalikuwa na pembe. Sasa mbona kule chini vyote vilikuwa mviringo?

Alitoboa kijitundu cha pembe tatu kwenye boksi la majani chai, akalishika juani. Karibu na ardhi, mwanga ulikuwa wa pembe tatu. Aliposimama juu ya kiti na kuliinua juu kabisa, ukawa duara. Aliniita nije nione, nikaenda, na maharagwe yangu yakaungua. Nilikasirika siku nzima.

Akalipeleka swali lake Mitaboni kwa Muindi, aliyekuwa na studio ya picha nyuma ya duka la mbegu. Muindi alimfungulia kamera yake kuukuu, akamwonyesha jinsi mwanga unavyopitia kijitundu kidogo na kuchora picha upande wa pili. Kisha akamwambia kwa uaminifu mahali ambapo ujuzi wake uliishia.

“Mama, hiyo jikoni yako ni kamera. Lakini kama hizo duara ni picha ya jua ama ni kitu ingine, mimi sijui. Ngoja siku jua itaumwa kipande. Kama duara ya chini pia imeumwa, basi ni jua yenyewe.”

Alisema hivyo kwa sababu redio ilikuwa imeanza kutangaza kwamba jua lingepatwa mwanzoni mwa Oktoba. Huo ulikuwa mwaka wa elfu mbili na tano. Nyumbani kwa Kalekye habari hiyo haikupokewa kwa furaha. Mumewe, Mulwa, alipokuwa mvulana anayechunga mbuzi, alilikodolea macho jua lililopatwa mwaka wa sabini na tatu. Tangu siku hiyo, jicho lake la kulia lina doa jeusi katikati. Akikutazama kwa jicho hilo peke yake anaona masikio yako lakini uso haupo. Redio ikitaja jua kupatwa, yeye huizima.

Basi ikawa zamu ya Kalekye kupewa mabati. Kikundi chetu cha akina mama, mwethya wetu, humnunulia kila mwanachama mabati kwa zamu, na yake iliangukia Septemba. Siku ya mkutano alisimama akaomba apitwe. Ndunge, mwenyekiti wetu, alidhani amesikia vibaya. Akamkumbusha sheria, kwamba anayepisha zamu anarudi mkiani, na kwamba mvua za Novemba zilikuwa njiani. Kalekye akasema anajua, ila mabati mapya hayana matundu.

“Mulwa ameogopa hiyo kitu tangu akiwa kijana,” alisema, “na hajawahi kuiona vizuri. Nataka aione akiwa ameipa mgongo.”

Wenzangu walicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu aliyefuata kwenye zamu nilikuwa mimi. Niliyachukua mabati yale kwa mikono miwili na sitajifanya kwamba nilisita. Lakini njiani nilimwuliza, je, siku hiyo kukiwa na mawingu? Akatembea akitazama mbingu hadi tukafika langoni kwake.

Siku ya jua kupatwa ilipofika, mawingu hayakuwapo. Asubuhi ilikuwa nyeupe kote vilimani, naye akaenda sokoni kuuza parachichi huku akiimba. Aliporudi mchana nilimsikia akiniita kwa sauti ambayo sikuijua. Nilimkuta amesimama jikoni gizani. Mulwa alikuwa amepanda juu ya paa na kuziba kila tundu kwa lami. Hakusaza hata moja.

Kalekye alikaa kwenye kigoda akalia. Nilimwonea huruma, nikamkasirikia Mulwa, kisha nikamkasirikia na Kalekye mwenyewe, kwani nani alimtuma kupisha mabati? Mulwa alikuwa mlangoni, mikono myeusi, kofia imeshushwa hadi kwenye nyusi.

“Nimeziba kwa sababu yako,” alisema. “Hii jua ilinitoa jicho. Sitaki ikutoe na wewe.”

“Mimi sitaangalia juu, Baba Mumo. Hata wewe hutaangalia juu. Fungua moja tu.”

Nje mwanga ulikuwa umeanza kupungua, ule mwanga mgonjwa, na kuku walikuwa wakisogea kwenye banda lao. Mulwa alisimama pale mpaka nikadhani amekataa. Kisha akaingia, akafunga mlango nyuma yake, akachukua msumari na kupanda juu ya kigoda. Alifumba macho yote mawili. Akapapasa bati kwa vidole hadi akapata lami ambayo ilikuwa bado laini, akausukuma msumari na kuuchomoa.

Mwanga ukaanguka sakafuni, na ulikuwa umeumwa. Ulikuwa mwembamba, umepinda kama ukucha uliokatwa. Kwa vile alikuwa ameziba matundu mengine yote, giza lilikuwa zito na ule mwanga mmoja ulionekana wazi kuliko vile viduara vya kila siku. Kalekye alishika mdomo. Mimi nilikuwa nimeacha sufuria motoni tena na sikujali.

Mulwa akashuka. Akachuchumaa, akaupeleka mkono wake pole pole, na ule mwanga ukapanda kwenye kiganja chenye lami.

“Ni hii?” aliuliza.

“Ni hiyo.”

“Ndogo hivi?”

Alikaa ameushika, mkono mmoja ukichoka anautoa na kuweka wa pili, mpaka jua likarudi kuwa duara kamili kiganjani mwake. Nilifurahi kana kwamba jicho lililoumizwa lilikuwa langu.

Mvua ilipokuja, matone yalipenya kwenye ile lami mbovu ya Mulwa, na Kalekye akapikia kwangu msimu mzima, chini ya mabati ambayo yangekuwa yake. Tuligombana kila jioni, kwa maana mtu hawezi kukaanga vitunguu huku anaulizwa kwa nini vinaliza macho na si pua.

Zamu yake ilirudi mwaka uliofuata. Mulwa aliyapigilia mabati mwenyewe, mapya, yanang'aa, na Ndunge akaja kukagua kama kawaida yake. Kazi ilipokwisha, Mulwa akachukua msumari, akatoboa tundu moja, juu tu ya mahali anapoweka kiti chake. Ndunge alifoka kwamba anaharibu mali ya kikundi. Mvua ikinyesha, tundu lile humdondokea Mulwa begani, naye husogeza kiti kidogo, akaendelea kunywa chai.