Kokoto Zilipoishia

Asubuhi ile nilitoka Kirumba bila kujua ninakwenda wapi. Nilikuwa nimechoka kubeba zege kwenye nyumba za watu waliotajirika kwa samaki, na binamu yangu alikuwa amechoka kuniona kwenye mkeka wake. Nilitia shati na sufuria kwenye mfuko, nikapanda gari la kwanza lililokuwa linatoka mjini, nikashuka Usagara kwa sababu tu ndipo barabara zinapogawanyika. Sikuwahi kufika pale. Nilidhani nikisimama kidogo nitajua niende upande gani.

Badala yake nikamwona mzee anatembea kwa hatua ndefu kutoka barabarani kuelekea nyumba moja ya bati. Alihesabu kwa sauti, akasahau katikati, akarudi kuanza upya. Kando ya barabara palikuwa na mashine ya kusaga, mpya, imefunikwa turubai. Ningeweza kupita. Lakini tangu niache shule sijawahi kumpita mtu anayepima kitu.

"Shikamoo mzee. Unapima nini?"

"Marahaba. Napima ujinga wangu."

Alikuwa amepunguzwa kazi kwenye kiwanda cha pamba, na kiinua mgongo chake chote kilikuwa chini ya turubai lile. Dereva aliyeileta mashine alikataa kuiingiza nyumbani, kwa kuwa njia yote ni udongo mweusi wa mbuga, na udongo huo ukilowa unameza gurudumu. Kule nyumbani banda la mashine lilikuwa tayari, hata msingi wa zege wa kufungia injini ulikuwa umeshakauka. Ilikosekana njia tu. Na mawingu yalikuwa yanajikusanya upande wa ziwani. Mvua ikiwahi, mashine ingebaki barabarani mpaka kiangazi. Nilijitolea kumpimia, nikamwambia shule niliiacha njiani lakini hesabu naziweza.

"Mmoja kaniambia kokoto tripu moja inatosha," alisema mzee. "Mwingine kasema tano. Na wote wamesoma kuliko wewe."

Maneno hayo yalinichoma. Nilichora chini mraba wa hatua moja kwa hatua moja, nikauzungushia matofali yenye kimo cha nusu shubiri, unene wa kokoto uliotakiwa, nikaujaza mchanga kwa debe. Ziliingia debe tatu. Njia ilikuwa na urefu wa hatua arobaini na mbili, upana hatua tatu. Nikaandika kwa mkaa kwenye ubao: debe mia tatu sabini na nane. Lori alilolikodi mzee kwa siku ile moja lingeenda mara mbili, basi.

Mzee aliurudia mkokotoo wangu kwa vidole, polepole, akakosa kasoro.

"Kwani uliishia darasa la ngapi?"

"La tano."

"Walikufukuza?"

"Nilichoka."

"Haya, chukua pesa hizi, nenda wewe mwenye hesabu. Mimi siwezi kuiacha mashine."

Dereva wa lori alinirudisha njia ya Mwanza hadi kwenye kilima cha mawe ambako akina mama hukaa wakipasua kokoto kwa nyundo. Pale haziuzwi kwa debe, zinauzwa kwa lundo. Mama mmoja alikuwa na malundo kumi, yamepangwa vizuri, yana ncha. Nilitaka kamba yangu ikae imara, nikachukua nondo iliyokuwa imelala karibu, nikaichomeka ardhini, nikafunga kamba, nikazunguka lundo moja baada ya jingine. Mzunguko, kisha kimo. Nikilinganisha na malundo ya aina ile niliyoyabeba kwa mabega yangu kule Kirumba, kila moja lilikuwa debe arobaini. Kumi yanatosha na ziada. Nikapatana, nikamkabidhi pesa za mzee zote.

Vibarua walipoanza kupakia, koleo lilikwaruza. Nikadhani ni jiwe dogo. Likakwaruza tena upande wa pili. Zilipoondoka kokoto za juu, katikati ya lundo kulikuwa na mwamba mkubwa kama mgongo wa kiboko. Lundo la pili hivyo hivyo. La tatu pia.

"Mama, hili jiwe limetoka wapi?"

"Limetoka? Hilo limezaliwa hapo. Sisi ndio tumekuja juzi."

"Mbona hukuniambia?"

"Mbona wewe hukuchoma nondo? Kila mnunuzi huchoma nondo kwenye lundo kwanza, ajue jiwe liko wapi, ndipo tupatane. Nimekuona umeishika, nikajua umeshachoma."

Dereva alicheka mpaka akakaa chini. "Jamani, huyu kapima mlima!"

Nondo ile ile ilikuwa imesimama mbele yangu, kamba yangu imefungwa juu yake. Hesabu ilikuwa sahihi, mraba ulikuwa sahihi, na vyote havikunisaidia kitu. Yule mama aliniongezea debe mbili kwa huruma, na huruma hiyo iliniudhi kuliko kicheko cha dereva. Lori lililopaswa kwenda mara mbili lilijaa mara moja, tena halikufika ukingoni.

Mzee alilizunguka lori akichungulia ndani. Nilimweleza yote. Aliuliza neno moja tu: "Nondo ilikuwepo?"

"Ilikuwepo."

Tulimwaga, tukasambaza. Kokoto ziliishia hatua ya ishirini na mbili. Tukaipakia mashine kwenye lori, dereva akarudi kinyumenyume juu ya kokoto, na zilipokoma naye akakoma. Wanaume sita waliishusha hapo, katikati ya njia, mbali na barabara na mbali na banda. Matone ya kwanza yakaanguka kabla hawajanawa mikono. Udongo uliobaki mbele ukageuka uji huku tunautazama. Kule nyumbani msingi wa zege ulikuwa unalowa bure.

Mzee alileta miti minne na mabati yaliyobaki kwenye ujenzi wa banda. Tulisimamisha paa juu ya mashine. Kisha akaenda nyumbani kwa kunyata kwenye tope, akarudi na mkeka kichwani na bakuli la ugali lililofunikwa.

"Haiwezi kulala peke yake hapa," alisema. "Na hesabu zako ndizo zilizoiweka hapa. Utalala nayo."

"Mpaka lini, mzee?"

"Mpaka kiangazi."

Nilitandaza mkeka kati ya injini na kinu. Kokoto zilinichoma mgongoni, zote mbichi, zina kingo. Nikaning'iniza mfuko wangu kwenye mti wa paa.