Mshale Nilioupika Kwenye Sufuria ya Ugali

Nilichemsha ushahidi. Nianze na hilo, maana nisipolisema mwenyewe mke wangu atalisema, na akilisema yeye huwa linarefuka. Jembe lake lilikuwa limefukua kipande cha jiwe jeupe nyuma ya nyumba, chembamba, chenye ncha kama mshale. Mimi nikakiokota, nikakitia kwenye sufuria ya ugali pamoja na sabuni ya unga, nikakichemsha kama nepi. Kisha nikakisugua kwa stilwaya mpaka kikang'aa kama jino la tangazo la dawa ya meno. Ndipo nikakipiga picha na kumtumia mwalimu mmoja wa historia niliyesoma naye sekondari.

Akanipigia palepale.

"Umekiosha?"

"Nimekiosha vizuri sana."

"Kwa nini?"

"Kilikuwa kichafu."

"Ule uchafu ndio umri wake, ndugu yangu! Tungeangalia kama kutu ya udongo imeingia mpaka kwenye makovu ya kugongwa. Sasa umekifanya kama kimezaliwa jana."

Hata hivyo hakunikatia tamaa. Alisema makovu yenyewe yamebaki, niyahesabu. Jiwe lililovunjika tu lina kovu moja au mawili. Lililochongwa kuwa mshale lina makovu madogo yaliyofuatana ukingoni, pande zote mbili, na kitako kimepunguzwa ili kifungwe kwenye uti. Akaniambia tusichimbe tena pale mpaka tujue. Kama ni mshale wa kweli, itabidi tutoe taarifa wilayani, na hapo pasiguswe.

Pasiguswe! Pale ndipo mke wangu anapolima viazi vitamu. Michembe yetu yote, vile viazi vya kukatwa na kukaushwa, inatoka kwenye matuta yale, na mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya upande wa ziwa. Mimi nikakata matawi ya miba nikapazungushia.

"Matuta yangu je?" akauliza.

"Subiri kidogo. Hapa huenda ni mahali pa kale."

"Na mwakani, michembe ikikosekana, utanichemshia hayo mawe? Si umeshajua kuyapika."

Niseme ukweli, mimi si mtu wa safari. Nikitoka kwangu hapa pembeni ya Bariadi kwenda mnadani Nkololo, ninaaga kama anayekwenda ng'ambo. Kwa hiyo jambo kubwa kunifuata mpaka uani, bila nauli, lilinikaa moyoni. Nilivaa miwani, nikakaa juani, nikahesabu makovu. Siku ya kwanza niliona saba. Siku ya pili, manne. Wiki ya tatu nikawa mkweli: kovu lilikuwa moja, pana, na pale kitakoni palikuwa pamepondeka. Yale mengine niliyachonga kwa macho yangu.

Lakini kovu moja halikunitosha kulifuta jambo, kama vile hamu yangu haikutosha kulithibitisha. Nikaapa kwamba jibu nitalipata kabla ya mvua, hata likiniaibisha. Nikaokota mawe meupe kando ya korongo, nikaketi uani, nikaanza kuyagonga ili nijue mshale unatengenezwaje. Kufikia alasiri nilikuwa na kidole gumba kilichovimba na rundo la vipande. Kimoja kilifanana na mshale wangu kama pacha, nami sikuwa nimekusudia kukitengeneza. Hapo nikaanza kuutilia shaka mshale wangu.

Makelele yakamleta jirani yetu, bibi wa ng'ambo ya ua wa minyaa.

"Mwadila, mayu," nikamwamkia kwa Kisukuma, nikimwita mama.

"Mwadila. Unatwanga nini?"

"Sitwangi. Natafuta ukweli wa huu mshale."

Akauchukua. Hakuvaa miwani. Alipitisha kidole kwenye ukingo, akageuza kitako, akatazama ile miba yangu, kisha akaketi chini acheke vizuri.

"Baba, hili jiwe limeruka kwenye kigongeo."

Akanieleza, taratibu, kama mtu anayemweleza mgeni. Kabla ya mashine ya kusaga, jiwe la kusagia mtama likilainika halisagi tena, linateleza tu. Basi mwanamke analigongagonga kwa jiwe jeupe gumu, hicho ndicho kigongeo, mpaka lipate mikwaruzo. Na lile jeupe nalo hubanduka vipande. "Vilikuwa vinatuchoma nyayo," akasema. "Kabla hamjanunua hapa, palikuwa kwa mama mkwe wangu."

Nilikuwa nimemuuliza mwalimu, fundi wa majembe, hata mwenye bodaboda. Wanaume watupu, hakuna aliyewahi kupiga goti kwenye jiwe la kusagia.

"Mayu, sikatai," nikasema, "lakini kusema si kuthibitisha. Kama ni kweli, vipande viwe vingi, na kigongeo chenyewe kiwepo."

"Toa miba."

Nikaitoa mwenyewe. Alihesabu hatua kutoka kwenye minyaa, akasimama. "Tulikaa hapa, kisogo kwenye upepo, unga usipeperuke." Mke wangu, aliyekuwa ameshashika jembe bila kuitwa, akalima palepale. Pigo la kwanza, udongo mtupu. La tatu, vipande vyeupe vitatu, vinne, kila kimoja na kovu lake moja. Baadaye kidogo likatoka jiwe la mviringo, la kujaa kiganjani, limepondeka ncha zote mbili, ubavu mmoja umebanduka.

Nilisita. Kisha nikachukua mshale wangu nikauweka kwenye ule ubavu. Ulikaa. Nikauzungusha, nikausukuma, nikitafuta hata upenyo wa ukucha. Ulikaa kama kifuniko kwenye chupa yake. Sabuni na stilwaya vilikuwa vimefuta umri, lakini havikuweza kufuta hilo.

"Si mshale," nikasema kwa sauti, wote wasikie, kwa kuwa niliapa.

Mke wangu alishaanza tuta la pili. Upande wa ziwa ikanguruma. Mimi nikabaki nimesimama na mawe yangu mawili mkononi, nikifikiria kwenye rafu gani yatapendeza, mpaka bibi alipojipangusa vumbi na kunitazama kuanzia miguu.

"Wiki tatu unazilinda takataka za mama mkwe wangu kwa miba, na sasa mke wako analima peke yake. Weka chini hayo mawe ushike jembe."