Usukani wa Mezani wa Usta Metwali

Baba yangu aliendesha teksi hapa Aleksandria kwa miaka thelathini na minane, na katika miaka hiyo sikuwahi kumwona akikaa kwenye kiti kisicho na usukani kwa muda unaozidi wa kumaliza sahani ya chakula. Mtaa wetu mzima wa Karmuz ulimwita Usta Metwali, yaani Fundi Metwali. Gari lake lilikuwa Lada ya njano na nyeusi, nzito kukata kona, na lilimpa mabega mapana kuliko ya wapagazi wa bandarini.

Nyumba yetu iko ghorofa ya nne. Kila siku saa saba mchana Baba alipita chini na kupiga honi mbili fupi na moja ndefu, na hapo Mama aliacha alichokuwa akifanya, hata kama mafuta yalikuwa yanachemka, akakimbilia roshani na kushusha kikapu kwa kamba. Ndani mlikuwa na mkate, maharage na chupa ya chai. Baba hakupanda ngazi mchana. Alisema vidato themanini na vinne ni abiria wawili waliopotea. Kikapu kilirudi juu na chupa tupu ya jana, na siku nyingine na mbegu za alizeti zangu mimi, zikiwa bado na joto la dashibodi.

Walipogombana, Mama alikishusha kikapu vilevile, ila chai haikutiwa sukari. Baba aliionja palepale ndani ya gari, nasi tuliokuwa roshani tulimwona akitikisa kichwa. Wazazi wangu hawakuwa watu wa kuombana radhi kwa maneno, na mpaka leo nikinywa chai isiyo na sukari mahali popote najihisi nimekosea kitu.

Kiharusi kilimpata mwezi wa Februari akiwa kwenye foleni ya mkate. Kilikuwa kidogo, madaktari walisema tushukuru. Mdomo ulirudi, mguu ukarudi, mkono wa kushoto haukurudi. Mimi ndiye niliyechukua funguo kwenye msumari wake nyuma ya mlango, na mimi ndiye niliyelitafutia gari mnunuzi, mtu wa Damanhur. Baba hakunilaumu. Angenitukana ningelala vizuri zaidi.

Daktari wa viungo alinipa mpira mdogo akaniambia waziwazi, "Rawya, miezi sita ya mwanzo ndiyo yenye faida kubwa. Mkono huu usipofanyishwa kazi sasa, usitegemee mengi baadaye." Nilimpa Baba mpira. Aliutazama, akautupa roshani kwa njiwa.

"Mimi si paka," alisema.

Mama alisikia. Tangu siku ile, chai ya Baba haikutiwa sukari tena. Na Baba, mbishi kuliko wote niwajuao, aliinywa hivyohivyo kwa mkono wa kulia, wa kushoto ukiwa umefichwa mfukoni mwa kanzu. Miezi mitatu ikapita namna hiyo. Nilihesabu iliyobaki kila nilipokuwa nyuma ya dirisha langu pale posta, nikibandika stempu kwa hasira.

Wazo lilitoka kwa kaka yangu Wagdi, aliyeko Kuwait. Alikuwa ameacha mashine yake ya gemu chini ya kitanda.

"Mnunulie usukani," aliniambia kwa simu. "Ule wa kufunga mezani, wa gemu za mashindano ya magari. Mzee ataushika tu, hawezi kujizuia."

"Unagharimu kiasi gani huo?"

"Inategemea unataka upi."

"Nataka wa bei rahisi, Wagdi. Mimi naishi Karmuz, wewe ndiye uliye Kuwait."

Nikaenda peke yangu, nikajifanya mjuzi, nikanunua ulio rahisi kuliko yote. Ulikuwa mdogo, mwepesi, wa kujishikiza mezani kwa vikombe vya mpira vinavyonyonya. Ukiuzungusha nusu mzunguko unagota. Baba aliujaribu kwa vidole viwili vya mkono wa kulia, gari la kwenye televisheni likaruka majanini.

"Hiki kifuniko cha sufuria," alisema, akarudi roshani.

Mama alichungulia kutoka jikoni. "Usikirudishe dukani basi. Nina sufuria lisilo na kifuniko."

Nilikasirika mpaka nikalia. Nilipomaliza kulia niliona kosa langu. Nilikuwa nimemchagulia usukani mtu aliyeshika usukani kabla sijazaliwa. Hata viatu mtu hanunuliwi bila kupimwa.

Upatu wetu wa posta ulipofika zamu yangu, nilimwambia Baba avae viatu. Tulikwenda Manshiya, kwenye duka la Zikri, anayeuza vifaa vya gemu vilivyotumika. Zikri ni mtu wa maneno mengi na tumbo linalotangulia.

"Karibu, Usta! Tunamtafutia mjukuu?"

"Natafuta wa kwangu," alisema Baba.

Zikri alinitazama, nami nikamkazia macho. Akaanza kazi yake. Alieleza kwamba ule mwepesi nilionunua hurudishwa katikati na springi tu, kwa hiyo mkono hausikii barabara. Upo wa meno, wenye mota inayousukuma usukani gari linapoteleza. Upo wa mkanda, laini, wa bei kubwa. Akauweka wa mkanda juu ya meza, mpya, unang'aa.

Baba aliuzungusha taratibu, macho ameyafumba. Mkono wa kushoto ulibaki mfukoni.

"Huu hauniambii kitu," alisema. "Una klachi?"

"Pedali mbili tu, Usta. Mafuta na breki. Siku hizi nani anataka klachi?"

"Mwenye gari. Na gia iko wapi?"

"Vibonyezo hivi nyuma ya usukani."

"Hivyo vya kuwashia taa ya chooni. Honi?"

Zikri alicheka mpaka akashika meza. "Miaka kumi nauza sukani, hajawahi mtu kuniulizia honi!"

"Basi hujawahi kumuuzia dereva wa Aleksandria."

Wenzake wawili waliokuwa nyuma wakamcheka Zikri, na Baba akanyoosha mgongo kidogo. Mimi nilikuwa nimekwisha kuona bei ya ule wa mkanda, kwa hiyo nilifurahi kwa sababu mbili.

"Kule chini una nini?" Baba aliuliza.

Kulikuwa na boksi lililofungwa kamba. Zikri alilitoa bila raha. Ulikuwa usukani wa meno, mkongwe, ngozi imechakaa upande wa kushoto, pale dereva anapoweka mkono akisubiri taa. Ulikuja na pedali tatu na gia ya kusimama upande wa kulia.

"Sikufichi, Usta, huu una kelele. Meno yanasaga. Nimeuuza mara mbili, mara mbili umerudishwa. Majirani wanalalamika."

"Uwashe."

Ulipowashwa ulijizungusha wenyewe kulia na kushoto, krrr, krrr, kama ilivyo desturi yake kujipima. Baba aliisikia sauti ile akakaa wima. Ilikuwa sauti ya Lada asubuhi ya baridi. Akaanza kuendesha. Kwenye kona ya kwanza usukani ulivuta kwa nguvu kuelekea kushoto, ukamponyoka mkono wa kulia, na mkono wa kushoto ukatoka mfukoni kuudaka.

Haukuudaka. Vidole viligusa ngozi, vikateleza, na Baba akaurudisha mkono mfukoni haraka na kutazama barabarani, eti anatazama magari. Lakini nilikuwa nimeona. Zikri naye aliona, akainamisha kichwa kwenye nyaya zake.

"Tunachukua huu," nilisema, nikifungua mkoba.

"Nyamaza wewe, hujui kununua," Baba alinikemea. "Bwana mdogo, pedali ya klachi inalia. Ngozi imekwisha. Wewe mwenyewe umesema umerudishwa mara mbili."

Zikri alipunguza bei, akaongeza vibanio viwili vya kufungia mezani. Nilibakiwa na ya kununulia mkate na maini ya kukaanga, tukala tumesimama, na Baba akanisimulia kona zote za Manshiya alizowahi kupasukiwa tairi. Tangu Februari hakuwa amenisimulia kitu. Nilimpenda siku ile kama nilipokuwa na miaka saba.

Tuliufunga kwenye meza ya kulia chakula. Pedali ziliteleza kwenye vigae, tukazizuia kwa cherehani ya Mama, naye akasema hiyo ndiyo nyumba aliyoolewa, cherehani imekuwa kizuizi cha miguu ya mwanamume.

Baba alisema bismillahi. Akanyoosha mkono kurekebisha kioo cha juu, ambacho hakikuwepo. Taa za kuanzia zikawaka, magari mengine yote yakaondoka kwa kishindo, yeye akatia gia ya kwanza kwa adabu na kwenda zake. Baada ya kona mbili akafunga breki katikati ya njia.

"Baba, nini?"

"Huoni? Watu wananipungia mkono."

Walikuwa watazamaji wa mashindano, nyuma ya kamba, wakishangilia. Alikuwa amesimama kupakia abiria. Nilicheka mpaka nikakaa chini, na Mama alitoka jikoni akiwa na kijiko mkononi kuuliza nani amekufa.

"Walikuwa watano," Baba alinung'unika, akiondoa gari. "Kama wanakwenda kule mbali Sidi Bishr, nimepoteza hela."

Lakini shida ilikuwa kwenye gia. Mkono wa kulia ukienda kwenye gia, usukani unabaki na wa kushoto peke yake, na wa kushoto haukuwepo kazini. Kila akibadilisha gia, gari lilikwenda ukutani. Wiki nzima nilisikia krrr, halafu kishindo, halafu matusi ya stendi ambayo nilikuwa sijayasikia tangu utotoni. Dereva wa miaka thelathini na minane, asiyewahi kukwaruza bampa la mtu, anagonga ukuta uleule mara arobaini kwa siku. Ilinichoma. Siku moja nilishindwa kuvumilia.

"Baba, Wagdi anasema gia inaweza kuwekwa ijibadilishe yenyewe. Ni kubonyeza mara moja tu."

"Ukigusa hapo nahama nyumba hii."

Sikugusa. Siku ya tisa niliporudi kutoka kazini nilimkuta ameutoa mkono mfukoni mwenyewe, ameulaza kwenye ile sehemu iliyochakaa, ameushikilia pale kwa kubana kiwiko ubavuni na kwa ukaidi. Wiki iliyofuata kiwiko kiliachia ubavu. Aligonga mara thelathini, kisha ishirini. Mama alipita na ufagio akatazama, akaenda zake, na chai ikaletwa bila sukari kama kawaida. Ulikuwa mwezi wa tano tangu kiharusi, na vidole bado havikuweza kukunja ngumi wala kubonyeza chochote.

Kitufe cha honi kilikuwa upande wa kushoto, pale kidole gumba kinapolala. Hakuwahi kukigusa, hata kwa mkono wa kulia.

Ijumaa moja mchana nilikuwa sebuleni nachambua majani ya mboga ya molokhia, Mama yuko jikoni na kitunguu kwenye mafuta. Krrr ilikuwa inaendelea, tulikuwa tumeizoea. Halafu honi ikalia. Fupi. Ikanyamaza muda mrefu, nami nikageuka na kuona kidole gumba cha kushoto kinatetemeka juu ya kitufe, na jasho kwenye paji la uso la Baba. Fupi tena. Halafu ndefu, ndefu mno, ikaijaza nyumba.

"Nimesikia, nimesikia!" Mama alipiga kelele kutoka jikoni. "Haraka gani hiyo, na mafuta yako motoni!"

Nikamwona akipita mbio mbele yangu na kikapu. Kilikuwa kikining'inia nyuma ya mlango wa jikoni tangu Februari, na kamba yake. Alikitupia mkate na chupa ya chai aliyokuwa ametoka kuijaza, akatoka roshani, akaanza kukishusha mkono kwa mkono. Kilifika ghorofa ya pili ndipo akasimama.

Chini, muuza mboga Abu Sari aliinua kichwa. "Hajati! Leo unataka nini, vitunguu?"

Mama alisimama ameshika kamba, akatazama pale kando ya barabara Lada ilipokuwa ikisimama, ambapo sasa palikuwa na pikipiki ya mtu. Kisha akageuka, akamtazama Baba kupitia mlango wa roshani, na kidole chake kikiwa bado juu ya kitufe.

Alikivuta kikapu juu, polepole, akaingia nacho ndani. Alipita jikoni. Nilisikia bakuli likifunguliwa na kijiko kikigonga kioo, akakoroga kwa muda mrefu. Akaja akakiweka kikapu mezani, kando ya usukani, na bilauri ya chai ndani yake.

"Umechelewa, mama Wagdi," Baba alisema. "Abiria wananisubiri."

"Wangoje. Waliosimama kwenye mashindano wana kazi gani?"

Mkono wa kulia wa Baba ulikuwa kwenye gia, naye hakuuondoa pale. Aliunyoosha wa kushoto mpaka kwenye kikapu, vidole vikaizunguka bilauri, kimoja kimoja, na ikapanda juu ikitetemeka. Nusu ya chai ilimwagikia kitambaa cha meza ambacho Mama alikishona mwenyewe, naye Mama akasogeza tu kikapu kisilowe.

Baba alionja. Akaishusha bilauri kwa mkono uleule, akanigeukia mimi.

"Imetiwa sukari," aliniambia.