Chupa ya Mwaka wa Uhuru

Mume wangu Parsaoti ana ugonjwa mmoja tu, nao ni adabu. Wanawake wengine hapa Kitengela wanalalamika kwamba waume zao ni walevi, wengine kwamba hawaonekani nyumbani. Wangu yuko, hanywi, hapigi kelele, na ananichosha kuliko hao wote. Ukimpa ugali mbichi atasema umeiva vizuri. Jirani akiazima toroli yake na kuirudisha bila gurudumu, Parsaoti atamshukuru kwa kuikumbuka.

Adabu hiyo aliitoa kwa mzungu. Alikuwa mwandaa meza katika ranchi moja nyuma ya Isinya, kwa mzee tuliyemwita Bwana Mrefu. Nzembi, Mkamba kutoka Machakos, alikuwa mpishi. Lemein alikuwa dereva wa trekta na wa kila kitu kingine chenye magurudumu. Watatu hao walikuwa chanda na pete, na laiti wangekuwa na akili sawa na urafiki wao, leo tungekuwa na ng'ombe.

Wageni wa Bwana Mrefu wakimaliza kula, ililetwa poti, mvinyo mzito mtamu wa Ureno unaolazwa gizani miaka na miaka kabla ya kunywewa. Ulikuwa na sheria zake. Chupa hupitishwa upande wa kushoto tu, mkono kwa mkono, izunguke meza mpaka imrudie mwenyewe. Haivuki meza, hairudi kulia. Parsaoti alisimama nyuma ya viti na glavu zake nyeupe akiwatazama wazungu wakinusa, wakionja, wakifumba macho. Aliosha glasi hizo miaka yote na hakuwahi kulamba hata tone. Hata Nzembi hakuwahi, na mpishi ambaye haonji kitu mimi simwelewi.

Mwaka 1993 ranchi iliuzwa. Bwana Mrefu aliwaita watatu hao kwenye baraza kuwaaga. Mimi nilikuwa nimeshafagia boma, maana nilijua zawadi itakuwa mitamba. Jioni mume wangu akaingia amebeba kitu kilichofungwa kwenye gazeti, amekikumbatia kama mtoto mchanga. Kila mmoja alikuwa amepewa chupa moja ya poti.

"Ni ya mwaka wa sitini na tatu, Mama Naisula," akaniambia. "Mwaka wa Uhuru. Bwana amesema hakuna zawadi kubwa kushinda hii."

"Na maziwa tutakamua wapi?" nikamuuliza.

Hakunijibu, kwa adabu. Aliilaza chupa chini ya kitanda, maana poti haisimamishwi. Akanieleza kwamba wameapa pale barazani: hakuna atakayefungua yake peke yake. Zitafunguliwa siku moja, watatu wakiwa pamoja, waonje hatimaye kile kilichokuwa kinawafumbisha wazungu macho. Basi kila asubuhi nikawa napiga magoti na ufagio kuizunguka. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, lakini mimi sikuwa hata nakitaka.

Tulihamia Kitengela, Lemein akarudi kwao Kajiado, Nzembi akaenda Machakos. Kila mwaka walisema watakutana, na kila mwaka kulikuwa na matanga, au karo, au kiangazi.

Kisha ikaja harusi ya binti yetu Naisula, mwaka wa mvua ile ya El Niño. Kwetu msichana haondoki nyumbani bila wazee kumbariki. Wanapiga funda la pombe ya asali na kumpulizia, matone yamwangukie kichwani na kifuani, ndipo aende. Tulitengeneza pombe mapema kama inavyotakiwa. Lakini baridi ya mvua iliikalia, ikagoma kuchachuka, na siku yenyewe tulipofungua tukakuta maji matamu yenye nzi. Wazee walikuwa wameshaketi. Watu wa bwana harusi walikuwa wameshavuka mto kwa taabu. Naisula alikuwa amesimama mlangoni na shanga zake zote, akilia.

Parsaoti aliniangalia, nikamwangalia. Akaingia chumbani, akatoka na kibuyu kilichojaa.

Wazee walimbariki mtoto wetu kwa poti ya mwaka wa Uhuru. Walimpulizia mpaka shanga nyeupe zikawa za zambarau. Mzee mmoja alilamba midomo na kuuliza asali hiyo ilitoka kwa nyuki wa wapi, na mume wangu akamjibu kwamba ni nyuki wa mbali.

Sina ubishi na hilo. Ndilo jambo la akili kuliko yote aliyowahi kufanya. Ubishi wangu ni kwamba hakuwaambia wenzake. Aliirudisha chupa tupu chini ya kitanda, akaiziba kwa nta ya mshumaa, na mimi nikaendelea kufagia kuzunguka hewa. Nilipomwambia awaeleze, alisema, "Nitawaambia tukionana. Si jambo la simu." Kila nilipomkumbusha, akasema hivyo hivyo.

Nzembi alianza kusumbuliwa na moyo, na binti yake ambaye ni nesi Uingereza akamchukua akakae naye huko. Alibeba chupa yake ndani ya sweta. Halafu 2009, katikati ya ule ukame mbaya, wakati mizoga ya ng'ombe ilikuwa imelala kando ya barabara ya Namanga na kila mtu mwenye akili alikuwa anawaza nyasi, simu ikalia. Nzembi atapasuliwa kifua wiki inayofuata. Daktari hakumficha kwamba huenda asiamke. Kabla ya kuingia, alitaka kitu kimoja tu: watatu wafungue chupa zao pamoja, kwenye kompyuta, wakionana uso kwa uso.

"Sasa ndiyo nafasi," nikamwambia Parsaoti. "Mwambie."

"Mtu anaenda kupasuliwa moyo, nimwambie nilivunja kiapo?"

"Utamwambia lini? Akizikwa?"

Kesho yake nikamkuta jikoni anachanganya chai ya rangi nzito na juisi ya zabibu ya pakiti, akiinua glasi dirishani kupima rangi. Nilitaka kulia kwa hasira. Mzee mwenye wajukuu, anapika uongo kwenye sufuria yangu.

Siku ya kuonja tulikwenda saiba ya Waceke, duka la intaneti karibu na stendi. Waceke ni msichana mwenye sauti ya mnadani, na kompyuta zake anazipenda kuliko ndugu zake. Alitutengea ile ya kona yenye kamera, spika na kipaza sauti. Lemein alikuwa amefika kutoka Kajiado na suti yake ya mzee wa kanisa, maana aliokoka zamani, na chupa yake ameikumbatia. Nilishangaa kwamba mlokole amekuja kunywa mvinyo. Walisalimiana, wakaulizana habari za ng'ombe waliokufa, na wote wawili walikuwa wanatoka jasho.

Kioo kikawaka, na Nzembi akatokea. Alikuwa amekonda mpaka masikio yakaonekana makubwa. Amevaa tai! Mbele yake glasi na chupa yake, na nyuma yake binti yake amekunja mikono.

"Wazee!" Nzembi akapiga kelele. "Mko na chupa?"

"Tuko nazo," wakasema pamoja, wakaziinua.

"Mama Naisula, uko?"

"Niko, baba. Pole na ugonjwa."

"Leo hakuna ugonjwa. Daktari amenikubalia funda moja. Parsaoti, wewe ndiye wa meza. Tuongoze."

Na mume wangu akasimama pale saiba, kati ya vijana waliokuwa wanacheza michezo ya bunduki, akaweka kitambaa cheupe mkononi, akamimina ile chai yake taratibu kana kwamba Bwana Mrefu yuko kwenye kiti. Lemein akamimina yake. Nzembi naye akamimina, na hata kwenye kioo kile kibovu niliona kwamba yake ilikuwa ni kitu kingine, nyekundu ya kwenda kahawia, nzito.

"Ngoja," Nzembi akasema. "Sheria ni sheria. Chupa ipite kushoto."

Nikaona mabega ya Parsaoti yakishuka. Kushoto kwake alikuwa Lemein, na wawili hawawezi kuzunguka meza ila kwa kubadilishana. Chai ya jikoni kwangu ikaenda kwa Lemein, chupa na glasi. Ya Lemein ikaja kwa mume wangu vivyo hivyo. Nzembi naye akaisukuma yake mbele ya kamera, ikajaa kioo chote, kisha akairudisha.

Wakanusa. Wakaonja. Parsaoti alipomeza ile ya Lemein, nyusi zikampanda. Lemein alipomeza ile ya Parsaoti, akatazama dari. Nikaichukua glasi ya mume wangu nikaionja. Ilikuwa ni bitruti. Juisi ya bitruti na sukari, na tangawizi kidogo.

Kumbe ni wawili! Walitazamana, kila mmoja akijua, kila mmoja akijua mwenzake anajua. Na hakuna aliyefungua mdomo. Adabu.

Upande ule, Nzembi alikuwa amefumba macho. Alikaa hivyo mpaka nikaogopa.

"Ni kama zabibu kavu," akasema polepole. "Halafu kama dawa ya kikohozi. Halafu kuna kitu mwishoni, kama tumbaku ya babu yangu. Na nyinyi mnaisikia hiyo tumbaku?"

"Tunaisikia," akasema Parsaoti.

"Kabisa," akasema mzee wa kanisa.

"Basi nimeridhika." Nzembi akafuta macho kwa tai. "Sikutaka kuingia kwa kisu nikiwa na deni la kiapo. Wenzangu mmelinda yenu miaka hii yote. Mungu awabariki. Hata nisipoamka, nitakuwa nilikunywa na watu wa kweli."

Nilimwangalia mume wangu. Machozi yalikuwa yanamtiririka hadi kidevuni, mkono umeshika kitambaa, na bado anatabasamu kwa kioo. Njia ya mwongo ni fupi, lakini huyu wangu alikuwa tayari kuitembea mpaka kaburini kwa mwenzake. Nikashindwa. Nilimsukuma kando nikakamata kile kipaza sauti.

"Nzembi! Wanakudanganya! Hii ni chai! Na hiyo nyingine ni bitruti! Chupa yetu wazee walimpulizia Naisula siku ya harusi, pombe ya asali ilikuwa imekataa, na huyu amekaa na hilo jambo kifuani kwa sababu anakuogopa!"

Picha ikaganda. Nzembi akabaki mdomo wazi, mkono hewani. Hatukujua kama amesikia, kama amekasirika, kama moyo wake umesimama pale pale.

"Umemuua," Parsaoti akanong'ona.

"Na mimi yangu," Lemein akasema akitazama viatu, "ilienda kwa meza ya Bwana. Pasaka moja divai ya kanisa ilisahaulika Nairobi. Nikatoa hiyo. Waumini wengine walirudi kwa laini mara ya pili."

"Nyamaza, Lemein!" nikamwambia.

Sauti ndiyo iliyorudi kwanza, kabla ya picha. Ilikuwa kicheko, cha kukwaruza, kinachokatika na kurudi, na binti yake akisema, "Baba, polepole, Baba."

"Mama Naisula," Nzembi akasema. "Huyo mtoto walimtemea mvinyo wa sitini na tatu?"

"Walimlowesha."

"Na ako aje sasa?"

"Ako Kimana. Ako na watoto watatu, na shamba ya vitunguu, na bwana anamsikiza."

"Kumbe inafanya kazi." Picha ilikuwa imerudi, na uso wake haukuwa na kicheko tena. "Parsaoti. Umebariki bibi arusi. Lemein amebariki kanisa mzima. Mimi ndiye wa kukatwa kifua, na hakuna mtu amenitemea hata mate."

Parsaoti alivua kofia. Lemein akasita, akashika tai yake, akasema yeye ni mzee wa kanisa.

"Temea mtu mate, Lemein," nikamwambia.

Wakasimama wote wawili mbele ya kompyuta. Parsaoti akapiga funda la bitruti, Lemein akapiga funda la chai, maana chupa zilikuwa hazijarudi kwa wenyewe. Mume wangu akasema kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia mezani kwa mzungu wala kwangu: "Mungu akushike pale kisu kitakapopita." Nikaitikia kama tunavyoitikia baraka kwetu, "Naai." "Akurudishe ukiwa mzima." "Naai." Kisha wakapuliza.

Waceke alipiga yowe. Kioo kilikuwa kinachuruzika zambarau na kahawia, kibodi imelowa, vijana wa bunduki wamesimama juu ya viti. Uso wa Nzembi ukapotea ndani ya yale matone, na kabla hatujajua alikuwa na sura gani, kila kitu kikazimika.

"Rudisha!" nikampigia Waceke kelele, mimi ambaye tangu asubuhi nilikuwa nalalamikia upuuzi huu. "Rudisha hiyo kitu sasa hivi!"

"Mama, mmeniharibia mashini na mate!"

"Tutakununulia hata mbili! Mrudishe!"

Alifuta kwa leso yangu huku akitutukana, akachomoa waya, akachomeka nyingine, na Parsaoti akabaki amesimama na kofia mkononi, juisi ikimdondoka kidevuni. Ilipowaka tena ilikuwa sauti tupu, bila picha. Ilikuwa sauti ya yule binti.

"Aunty? Picha ilikatika kabla hatujaona kitu. Sijui mmefanya nini huko. Baba ametoa kitambaa, anajipangusa uso."