Nyoka wa Ndani ya Taa

Mi ni nkambo mwenye wajukuu tele. Sikusoma, lakini taa naijua kuliko wote. Ndivyo nilivyojisifu mpaka juzi.

Jirani yangu Mama Ntumba, mtu wa mkoa wa Kasai, alikuwa anafukuzwa hapa Kolwezi pamoja na Wakasai wenzake. Kabla ya kwenda kungoja treni, aliniachia taa yake ya kioo, imejaa mafuta. Nikaiweka mezani. Juu mafuta yalitulia tuli, lakini katikati kitu kilipanda na kushuka kama mgongo wa nyoka.

“Nyoka!” nikapiga kelele. “Ntumba ameniachia nyoka!”

Vijana wenye fimbo, wale waliokuwa wakiwafukuza Wakasai, hawakuwa mbali. “Muchawi huyo! Tulijua!”

Mama Ntumba, aliyekuwa bado mlangoni na mzigo wake, hakukimbia. Alichukua kikombe, akatia maji kidogo ndani ya taa mbele yetu. Yakateleza mpaka chini ya mafuta, yakagonga kioo ng’ambo, na mgongo ule ukainuka tena, huku juu kumetulia.

“Ni maji, mama. Mafuta ilikuwa nusu. Nilitia maji ili ipande mpaka ku utambi.”

Vijana wakacheka, fimbo zikashuka. “Nkambo anaogopa maji!”

Mama Ntumba hakucheka. Alijitwika mzigo wake, akanigeukia.

“Ulitaka nikuachie taa nusu?”